Maswali ya wasomaji: Office inasema haina leseni wakati nimeilipia

Mwezi huu barua zenu zimeangukia sehemu moja, Office inagoma, juu kabisa ya Word panaandikwa "Unlicensed Product" na mtu anaanza kutetemeka. Nianze kwa kuwatoa hofu, kazi zako hazijaenda popote. Office ikikosa leseni inachofunga ni kuandika na kurekebisha, kufungua faili na kuiprinti bado inakubali, kwaiyo usikubali mtu akufutie kompyuta eti ndo dawa. Kabla ya chochote chukua simu upige picha ule ujumbe na namba ya kosa iliyo chini yake, zile zinazoanza na 0x, maana namba moja inasema shida ni akaunti na nyingine inasema shida ni mtandao, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

*Kaka habari za kazi. Mi nina steshenari karibu na stendi, nachapa barua, CV na kazi za wanafunzi. Kompyuta yangu ni ya mezani, Office nalipia kila mwaka na risiti ninazo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nikiwasha Word inaniambia haina leseni, nikijaribu kuingia kwenye akaunti inagoma. Fundi kashapiga Windows mara mbili na kila mara nalipa, inakaa wiki inatulia alafu yaleyale. Wateja wanasimama foleni wananiangalia tu. Nifanyeje? – Mama wa steshenari, Morogoro*

Dada yangu pole sana. Kwenye barua yako yale maneno "umeme ukikatika" ndo yamenipa jibu. Kesho asubuhi ukiwasha, kabla hujagusa Word, angalia saa na tarehe pale kona ya chini kulia. Nina karibu uhakika utakuta imerudi miaka kadhaa nyuma. Mimi mwenyewe kompyuta ya nyumbani ilinisumbua hivyohivyo karibu mwezi mzima, nikabadilisha paswedi, nikalaumu bando, nikamlaumu kila mtu, mpaka siku moja jicho likaangukia pale chini nikaona tarehe 1 Januari 2009.

Saa ina uhusiano gani na leseni? Office inapotaka kuhakikisha umelipia inaongea na seva, yaani kompyuta kubwa ya Microsoft kule nje, na ile seva inajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Sasa kompyuta yako ikiamini tuko 2009 inaona kile cheti hata hakijaanza kutumika, inakataa kuongea, na Office isipopata jibu inakuhesabu huna leseni. Ndo maana fundi akipiga Windows inatulia, kwa sababu wakati wa kuiweka anaweka na saa sahihi, umeme ukikatika tena saa inarudi nyuma na mchezo unaanza upya. Windows ndo ilikuwa nzima muda wote.

Kinachokufa ni betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkubwa ndani ya kasha. Umeme ukiwepo saa inatumia umeme wa ukutani, ukikatika ile betri ndo inaishikilia, na betri za namna hiyo zikishakaa miaka zinachoka. Imeandikwa CR2032, ni ya volti 3, upana milimita 20, wanauza kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hela uliyokwishampa fundi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani kabisa, fungua ubavu wa kasha, gusa kwanza bati lenyewe la kasha ili umeme tuli wa mwilini ushuke, alafu bonyeza kale kakishikizo pembeni ya betri itaruka yenyewe. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Washa, rekebisha tarehe kwa mkono, chagua kanda ya saa iliyoandikwa Nairobi ambayo ndo na sisi wa Tanzania tunaitumia, kisha washa ile sehemu ya saa kujiweka yenyewe kutoka mtandaoni. Nimesema kwa mkono kwanza kwa sababu tofauti ikiwa kubwa sana Windows inaweza kukataa kuirekebisha yenyewe. Baada ya hapo fungua Word, toka kwenye akaunti, ingia tena. Kama ikikutoa namba 0x80070005, hiyo maana yake imenyimwa ruhusa, ifunge kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Word uchague kuifungua kama msimamizi ("Run as administrator").

Na tafadhali usilipe tena kupigiwa Windows.

*Salaam aleikum. Nilinunua laptopu mpya ikaja na Office ndani, baada ya mwezi ikaanza kudai pesa. Nikanunua Office 2024 ya kulipa mara moja, nikaingiza zile herufi na namba 25, ikasema imekubali. Lakini nikifungua Word bado kuna utepe unasema muda umeisha. Je, nimetapeliwa? – Mwalimu wa sekondari, Mombasa*

Waaleikum salaam mwalimu. Kama ilikubali, sidhani umetapeliwa, nadhani una Office mbili ndani ya mashine moja na wewe unafungua ile isiyo yako. Fungua Word, ingia "File" kisha "Account", usome jina la bidhaa. Ikiwa imeandikwa Microsoft 365 na wewe umenunua Office Home 2024, basi ndo hivyo, ile ya majaribio ya mwezi mmoja iliyokuja na laptopu bado imekaa mlangoni.

Nenda kwenye mipangilio ya Windows, orodha ya programu, utafute Microsoft 365. Usishangae kuikuta imejipanga mara tatu au nne, moja en-us, nyingine fr-fr, nyingine es-es, maana watengenezaji wa laptopu huweka lugha kadhaa. Ondoa zote, zima uwashe, alafu ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa imeili ileile uliyoitumia siku unaingiza zile herufi 25 na upakue Office 2024 kutoka hapo. Zile herufi zinatumika mara moja tu, zikishakubali ununuzi wako unafungwa na imeili hiyo, ukiziingiza tena zitakuambia zimeshatumika. Hapa ndo watu wengi wanaumia, kijana wa dukani anakutengenezea imeili haraka haraka ili akumalizie kazi, paswedi anaijua yeye na wewe hukuiandika popote. Kama ndo ilikuwa hivyo, rudi dukani wiki hii, hakikisha akaunti ina namba yako ya simu na ubadilishe paswedi mwenyewe ukiwa umesimama palepale.

Ikibaki king'ang'anizi kuna njia ya kuona leseni zote zilizojificha. Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) kama msimamizi, ingia folda ya Office16 iliyo ndani ya Microsoft Office kwenye Program Files, andika cscript ospp.vbs /dstatus. Itakuonyesha kila leseni na herufi tano za mwisho. Ile ya zamani unaitoa kwa kuandika cscript ospp.vbs /unpkey: ukiunganisha na hizo herufi tano. Angalia vizuri usitoe iliyo yako.

*Broo, fundi aliniwekea Office na kaprogramu ka kuiaktiveti, akaniambia nizime antivairasi kwanza. Ilikuwa poa miezi sita, saivi inatoa 0xC004F074 na nina riseachi ya kukabidhi. Nitapata wapi kaprogramu kengine? – Mwanachuo, Dodoma*

Mdogo wangu, usitafute kengine. Hiyo namba maana yake Office inatafuta seva ya leseni ya taasisi na haipati. Makampuni na vyuo vikubwa wana seva yao inayozipa kompyuta zao leseni ya siku 180, na kompyuta inatakiwa irudi kuihuisha kabla hazijaisha. Kale kaprogramu kalijifanya ni seva ya taasisi, siku 180 ni hiyo miezi sita yako.

Kinachonitia hofu zaidi ni pale ulipozima antivairasi. Mwaka 2021 watu wa usalama wa mitandao wa Red Canary walieleza kaprogramu feki ka namna hiyo kaliyobeba Cryptbot, ambayo inaiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Kwaiyo leo, kwa simu ambayo unaiamini, badilisha paswedi ya imeili na ya kila kitu cha pesa, kaondoe hako kaprogramu, washa antivairasi na uiache iskani mashine nzima.

Riseachi yako imalizie bure. Word ya kwenye brauza haidai hela, unahitaji akaunti tu. Bando likiwa tatizo weka LibreOffice, inafanya kazi bila mtandao, inafungua na kuhifadhi faili za docx, ila kabla ya kumtumia msimamizi wako ihifadhi PDF ili majedwali yasihame. Na ulizia ofisi ya tehama ya chuo kama imeili ya chuo inakupa Office, vyuo vingi vimejiunga na huo mpango na wanafunzi hawaambiwi.

*Mimi niko Ukerewe, mtandao wetu wa shida. Office ya kulipia kila mwezi inaweza kujifunga? Na rafiki yangu ana Office 2019, anasema imekufa. – Msomaji, Ukerewe*

Inaweza. Hiyo ya kulipia inatakiwa iguse intaneti angalau mara moja ndani ya siku 31, hata kwa hotspoti ya simu, fungua Word uiache dakika kadhaa. Ile ya kununua mara moja ikishaaktivetiwa haikudai hivyo. Na ya rafiki yako haijafa, msaada wa Office 2016 na 2019 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, inafunguka na kuandika kama kawaida ila haipati tena apdeti za usalama, awe mwangalifu na faili za kutumiwa na watu asiowajua.