Kuhamisha mshahara kwa zawadi ya 3,000

Benki inakuahidi zawadi ya 3,000 ukihamishia mshahara wako kwake? Kama una mkopo wa benki nyingine unaokatwa kwenye mshahara, hiyo 3,000 isahau kwanza. Kwa kawaida mwajiri alitia sahihi kwamba mshahara utapitia benki iliyokukopesha hadi deni liishe, kwa hiyo ofisi ya mishahara itadai barua ya benki ya kukuachilia. Huna mkopo? Piga hesabu: ada ya akaunti mpya ikiwa 200 kwa mwezi, mwaka mzima ni 2,400, umebaki na 600. Soma masharti pia, mara nyingi mshahara lazima uingie miezi kadhaa mfululizo ndipo walipe. Na tafadhali usifunge akaunti ya zamani kabla hujahamisha makato ya sacco na bima. Yakikuta akaunti imefungwa au tupu, unaweza kutozwa faini.