Taa ya upepo inawaka asubuhi, mchana inazimika

Mkuu, umesema ile taa ya njano ya upepo wa matairi kwenye dashibodi, kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao, inawaka asubuhi na kuzimika mchana, na fundi anataka hela aing'oe. Hela yako itunze kwanza. Taa yako ni nzima, upepo ndio mdogo.

Yalinikuta safari ya Makambako. Nimefika Morogoro jua la utosi, matairi yanaunguza, nikamwambia kijana wa sheli acheki upepo. Akaweka PSI 30 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) zote, kama anavyomwekea kila mtu. Nikalala Mafinga. Alfajiri, na baridi ya kule unaijua, nawasha gari, taa hiyo! Geji ikasoma 26 kote, pancha hakuna. Upepo ukipoa husinyaa; joto likishuka nyuzi 10 unapoteza karibu PSI 2, mchana likipanda upepo unarudi na taa inazimika. Zile 30 zilikuwa za tairi la moto, wakati kibandiko cha gari kilitaka 35 tairi likiwa limepoa.

Kibandiko chenye kipimo cha upepo kitafute kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiwa cha Kijapani usihangaike na maandishi, angalia kPa, kipimo kingine cha upepo: 240 ni kama PSI 35. Namba ya ubavuni mwa tairi achana nayo, ile ni kikomo. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Na nyie mnaopunguza upepo kabla ya safari "lisipasuke", hata mimi nilikuwa hivyo miaka mingi. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila mzunguko, linachemka, na hapo ndipo linapopasuka. Mwendoni kupanda PSI 3 au 4 ni kawaida, usisimame njiani kuupunguza.

Sasa, taa ikikonyeza kama dakika moja kisha ibaki inawaka, hapo tatizo ni mfumo wenyewe wa kupima upepo, mara nyingi sensa. Gari langu limetoka Uingereza, kule magari mapya yote yana mfumo huu tangu 2014. Sensa inakaa ndani ya rimu, kwenye vali, na betri yake hudumu miaka 5 hadi 10. Fundi wa pancha mwambie kabla hajaingiza chuma cha kung'olea tairi. Mimi sikumwambia, akaivunja ya nyuma kushoto, na taa inanikonyeza mpaka leo.