Kwa mwimbaji anayetoka kwenye bendi na kidonda chake

Kila mwaka huja kwangu waimbaji wawili watatu waliojitoa kwenye bendi zao, kila mmoja na daftari lililojaa mambo ambayo hakuweza kuyaimba mbele ya wenzake. Baba aliyeondoka. Mimba iliyoharibika. Pombe. Wanataka albamu yao ya kwanza ya peke yao, na wanataka iseme kweli. Kabla sijawasha maiki nawaketisha tusikilize albamu moja mwanzo mpaka mwisho, dakika kama arobaini, simu zimezimwa. Nawe ukija nitakuketisha. Ni ile ya John Lennon, John Lennon/Plastic Ono Band, iliyotoka tarehe 11 Desemba 1970, mwaka uleule dunia ilipopata habari kwamba The Beatles, bendi yake ya Uingereza, wamevunjika. Alikwisha kutoa kazi za majaribio na mkewe Yoko Ono, na rekodi ya onyesho la jukwaani, lakini albamu yake ya kwanza ya nyimbo alizokwenda kuzirekodi studio nje ya bendi ni hii.

Wimbo wa kwanza, "Mother", yaani Mama, unaanza kwa kengele. Ni kengele ya kanisa, ya msiba, imepunguzwa mwendo mpaka kila pigo linakuwa zito kama hatua za wabeba jeneza. Kisha anaingia yeye, na neno la kwanza kabisa analotamka ni mama. Mama yake, Julia, aligongwa na gari Liverpool mwezi Julai 1958, John akiwa na miaka 17. Hata kabla ya hapo hakuwa akiishi naye; alilelewa na mama yake mkubwa, na baba alikuwa baharia aliyetoweka kwenye maisha yake angali mdogo. Yote hayo yamo katika mistari michache ya wimbo ule, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaelewa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Sisi tumelelewa na mafumbo. Taarabu humsema jirani kwa jina la ua au ndege, na mwenyewe akajua amesemwa. Ni sanaa kubwa, naipenda, na ukitaka kuifuata nitakusaidia kwa moyo wote. Lakini fumbo humpa mwimbaji pa kujificha, na albamu ya kuungama haina mahali hapo. Dada mmoja aliniletea wimbo wa jahazi lililokosa nanga. Nikamuuliza, jahazi ni nani? Akanyamaza kitambo, akasema ni baba. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa dirishani kila Ijumaa jioni akisubiri mlio wa pikipiki yake, na pikipiki za watu wengine zikipita, moyo unaruka kila mara. Nikamwambia, mdogo wangu, andika hiyo pikipiki. Alirudi baada ya wiki na wimbo mwingine kabisa, na mimi nilipousikia ilibidi nitoke nje kidogo.

Kisha nikauharibu. Nilimwekea vinanda vya nyuzi, nikamwekea sauti za kuitikia tabaka tatu, nikaongeza mwangwi mpaka pikipiki ile ikasikika kama inapita ndani ya msikiti mkubwa. Nilidhani namheshimu. Tulipousikiliza asubuhi yake, alisema kwa upole, "Kaka, simsikii tena yule mtoto." Tukafuta kila kitu, tukabakiza gitaa na sauti yake. Mwanzoni mwa ubeti wa pili unasikia midomo yake ikiachana kabla ya neno. Pumzi ile ndogo ilikuwa na uzito kuliko vinanda vyangu vyote.

Rudi sasa kwa Lennon uhesabu waliopo chumbani. Ringo Starr, mwenzake wa The Beatles, kwenye ngoma, Klaus Voormann kwenye besi, yeye mwenyewe kwenye gitaa au piano. Billy Preston anapiga piano katika wimbo mmoja, Phil Spector katika mwingine. Huyo Spector, mmoja wa watayarishaji wa albamu hiyo, alikuwa amejipatia jina Marekani kwa kurundika ala juu ya ala mpaka zikawa ukuta, lakini hapa ukuta haupo. Sikiliza ngoma za Ringo: pigo, nafasi, pigo. Hajazi mapengo. Nakuomba ufanye hivyohivyo kwa hiari yako, maana mtu anayeogopa maneno yake ndiye huyo anayekwambia "tuongeze kitu hapa". Ukiona unataka kuongeza, rudi kwenye mstari kwanza. Mara nyingi shida iko humo.

Wala usiogope mshono kuonekana. Katika "Working Class Hero", wimbo wa gitaa na sauti tupu, kuna ubeti uliorekodiwa kando ukaja kuunganishwa, na sikio lolote linasikia rangi ya sauti ikibadilika. Waliuacha hivyo, na hakuna aliyekufa. Vijana wangu wananiomba ninyooshe kila noti kwa programu. Kwa wimbo wa kucheza, sawa. Kwa wimbo wa kaburi la mama yako, sitanyoosha.

Jambo la afya sasa, na hili naomba ulisome polepole. Miezi kadhaa ya mwaka 1970 Lennon alikuwa kwenye tiba ya Arthur Janov, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyewahimiza wagonjwa wake waufikie uchungu wa utotoni na kuutoa hata kwa mayowe. Wataalamu wengi hawakuikubali tiba ile, na sikushauri uitafute. Ninachotaka uone ni mpangilio: kilio kilitangulia, na kurekodi kukafuata, Septemba na Oktoba, kwenye studio za Abbey Road, London. Ukija kwangu na mstari ambao umeuimba mara kumi na bado unakuangusha, haujaiva. Nenda kwa mshauri nasaha, kwa shehe, kwa padri, kwa shangazi anayejua kusikiliza. Nimewahi kusimamisha kazi saa mbili usiku na kumpeleka kijana nyumbani kwa dada yake, na wimbo ule tuliumaliza baada ya miezi mitano.

Mayowe yawekwe mwisho wa siku. Mwishoni mwa "Mother" anawaita wazazi, mama usiende, baba rudi, tena na tena, na kila mzunguko koo linachanika zaidi. Ukianza na hayo asubuhi, huna sauti ya jioni. Ukishayarekodi, pumzika siku mbili bila kuimba.

Na familia. Baba yake Lennon alikuwa hai albamu ilipotoka. Wako pia huenda yu hai, na mtaani kwenu wimbo utamfikia kabla hujamaliza kuusambaza. Angalia jinsi Lennon alivyoutunga "Mother": anawaambia wazazi alichokosa yeye, kisha katika ubeti wa tatu anageukia watoto na kuwasihi wasifanye aliyoyafanya yeye mwenyewe. Imba ulichokosa. Siri za mwingine mwachie mwenyewe, na wimbo wa mama, mama ausikie kwanza, ukiwa umekaa naye.

La mwisho ni dogo. Albamu ile inafungwa na wimbo usiofika dakika moja, "My Mummy's Dead", uliorekodiwa kwa kinasa sauti cha kawaida. Unasikika kama redio iliyosahauliwa chumba cha pili. Studio yote ile ilikuwepo, na bado walichagua huo. Kwa hiyo ile rekodi uliyoifanya kwenye simu usiku, kitandani, jogoo wa jirani akisikika nyuma, usiifute. Ihifadhi mahali pawili, na siku ya kwanza uje nayo.