Binti na urubani: miwani si kizuizi

Mama, umeuliza kama binti yako anayevaa miwani anaweza kuwa rubani. Anaweza kabisa, mradi miwani imrekebishie macho hadi kiwango kinachotakiwa. Lakini msilipe ada ya chuo kabla hajapimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nakusihi, anzeni hapo.

Wanawake bado ni wachache mno, duniani hawafiki hata mmoja kati ya marubani kumi wa mashirika ya ndege. Ila mwaka 2014 Mkenya Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, Boeing 787.

Ugumu uko kwenye saa za kuruka. Leseni ya kibiashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo, huhitaji kama saa 200; ya juu kabisa, ya kapteni wa shirika la ndege, saa 1,500. Katikati hapo ndipo wengi hukwama. Mimi zangu nilizipata kwenye ndege ndogo ya Cessna: saa kumi na moja alfajiri niko chini ya bawa na tochi, nakinga mafuta kidogo kwenye kikombe kuona kama yana maji. Binti akipenda hata hiyo, mwache aende.