Tyuna ya antena: itoe mezani, ipeleke kwenye mguu wa waya

Kwa karibu mwaka mzima tyuna yangu, kifaa cha kuipatanisha redio na antena, ilikaa mezani, ubavuni mwa redio, nami niliamini iko mahali pake. Wengi tunaiweka hapo: mkono unaifikia na mvua haiipati. Kama ndiyo kwanza unaanza redio ya ridhaa, nakuomba usiupoteze mwaka kama nilivyoupoteza mimi.

Antena yangu ilikuwa daipoli, yaani waya unaolishwa katikati, yenye urefu wa mita 20 kwa ajili ya masafa ya 7 MHz, imefungwa kati ya minazi miwili. Kutoka huko hadi chumbani nilivuta mita 30 za RG-58, ile kebo nyembamba. Kwenye 7 MHz nilizungumza na watu bila shida. Nikatamani 14 MHz, niwafikie wa mbali zaidi. Nikazungusha vitufe vya tyuna mpaka SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio (1 ndiyo bora), ikashuka hadi 1, nikaita. Niliita jioni nzima. Stesheni nilizozisikia waziwazi hazikunijibu.

Siku moja, baada ya kurusha FT8, ujumbe mfupi unaotumwa kwa kompyuta, kwa muda mrefu, niliishika kebo nyuma ya meza. Ilikuwa na uvuguvugu. Nikaifuata kwa kiganja: hapa joto, mbele kidogo baridi, kisha joto tena. Nguvu yangu ilikuwa inaishia humo.

Tyuna ikikaa mezani huiridhisha redio tu, ione omu 50, ukinzani inaoutaka. Ng'ambo ya tyuna, kebo na antena bado hazipatani. Daipoli ya mita 20 ikilishwa 14 MHz katikati yake, ukinzani hupanda hadi maelfu ya omu, na SWR kwenye kebo inaweza kupita 50. Mawimbi huenda na kurudi, na kila safari RG-58 hula fungu lake. Nilipopiga hesabu, katika wati 100 zilizotoka, zilizofika kwenye waya hazikuzidi 10. Baya zaidi, upotevu huohuo hupunguza SWR unayoipima chumbani, kwa hiyo kebo inayokula nguvu huifanya antena ionekane nzuri kuliko ilivyo. Usiuamini usomaji wa mezani peke yake.

Haya hayana maana kwamba kila tyuna itolewe nje. SWR ikiwa 2 kwenye 7 MHz, kwa kebo kama yangu, hasara inayoongezeka ni ndogo mno; tumia tyuna iliyomo ndani ya redio, uendelee na mazungumzo. Na kama unalisha daipoli kwa waya pacha wa omu 450, tyuna inaweza kubaki ndani, kwa sababu waya huo hupoteza kidogo sana hata SWR ikiwa kubwa. Ila usiulaze juu ya bati.

Kwa SWR kubwa kama yangu, tyuna inafaa ikae pale kebo inapokutana na antena. Mimi sikuweza kuipandisha hadi katikati ya minazi, basi nikaibadilisha antena. Waya mmoja wa karibu mita 17 na nusu unapanda kwenye mwembe, na chini yake iko tyuna ya kujiendesha inayopata volti 12 kupitia kebo ileile ya RG-58. Urefu huo niliuchagua kuepuka mita 10 na mita 20, ambako ukinzani wa mwisho wa waya hupanda sana kwenye 14 na 7 MHz. Ardhini nimetandaza nyaya 8 za mita 5. Bila hizo, kebo yenyewe hugeuka sehemu ya antena na kuleta kelele mpaka chumbani. Kwa sababu hiyohiyo nimeizungushia kebo pete za feraiti karibu na tyuna.

Boksi la tyuna litazame chini pale nyaya zinapoingilia, na kebo ipinde chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje. Toboa tundu dogo sakafuni mwa boksi, jasho la ndani litoke, kisha uliwekee wavu, maana sisimizi hawachelewi. Waya unaotoka juu ya tyuna uinue mbali na mikono ya watoto: ukiwa unarusha, hapo pana volti za kuunguza ngozi.

Jioni ya kwanza kwenye 14 MHz, kwa wati zilezile 100, nilijibiwa kwenye mwito wa tatu.