Kabla hela haijawa fedha ilikuwa sarafu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama neno "hela", kwa maana ya fedha, linafaa kwenye maandishi rasmi au libaki vijiweni. Mimi nasema libaki vijiweni, na sababu yangu si kwamba ni neno la mtaani. Hela ilikuwa sarafu, tena sarafu iliyovuruga mahesabu ya sokoni, na wengi wanaolitetea neno hawajui ilikuwa na thamani gani.

Kabla yake kulikuwa na sarafu iliyoitwa pesa. Pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza 1890. Ilikuwa ya shaba, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, kuanzia 1307. Rupia moja, iliyokuwa fedha kuu ya wakati huo, ilikuwa pesa 64, kama paisa za India za enzi hizo. Hiyo 64 ndiyo ya kuitazama vizuri. Sokoni watu hugawa kwa nusu: nusu rupia ni pesa 32, robo ni 16, sehemu ya nane ni 8, kisha 4, 2, 1. Hakuna kinachobaki mkononi.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaleta sarafu zake badala ya zile za kampuni, na rupia ikawa Heller 100. Watu wakaitamka hela. Kwenye karatasi za ofisini mia ni rahisi, lakini hebu igawe kisokoni: nusu 50, robo 25, sehemu ya nane 12 na nusu. Umeshakwama. Na bei za zamani je? Pesa 16 zilikuwa sawa na hela 25, kwa hiyo pesa moja ilikuwa hela 1.5625. Kitu cha pesa moja ukikiuza hela 1, umepoteza zaidi ya theluthi. Ukikiuza hela 2, mnunuzi ameumia kwa asilimia 28. Njia ya nafuu ilikuwa kuuza viwili kwa hela 3, hapo muuzaji anapunjika kidogo sana, au kimoja kwa hela moja na nusu. Hapo ndipo sarafu ya nusu hela ilipofaa. Lakini iligongwa mwaka 1904 hadi 1906 tu, baada ya hapo haikugongwa tena. Anayeuza kimojakimoja angefanyaje? Kuzidisha au kupunguza, na mwenye njaa ndiye anayelipa tofauti.

Hela moja yenyewe ni ndogo, ya shaba nyeusi: taji na mwaka upande mmoja, upande wa pili "1 HELLER" ndani ya shada la majani. Herufi A ni ya kiwanda cha sarafu cha Berlin, J cha Hamburg. Kiarabu hakuna hata herufi moja. Ukiipata shambani usiisugue kwa limau na majivu. Ile rangi ya kahawia ikitoka, bei nayo imetoka. Na si kila sarafu yenye tundu ni ya Mjerumani, ingawa ndivyo wauzaji wanavyopenda kusema. Za tundu za Mjerumani ni hela 5 na hela 10 tu, na mwaka wake hauvuki 1914. Ikiwa na jina la Mfalme George, hiyo ni senti ya Mwingereza. Hela 20 za Tabora za 1916, zilizogongwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, hazina tundu.

Sasa nikiendelea kuandika naona hoja yangu inalegea. Kama kosa ni kuwa jina la sarafu ya mgeni, pesa nayo ni ya India, shilingi ya Uingereza, na fedha ni Kiarabu. Hata senti 50 yenye picha ya sungura tuliiita sumni, yaani sehemu ya nane, kwa sababu riale, sarafu ya zamani, ilihesabiwa shilingi 4. Na ugomvi wa kugawa haukwenda na Mjerumani. Nenda sokoni Mbuyuni leo uombe robo ya fungu la jero, yaani shilingi 500: ni shilingi 125, na sarafu ya 25 huipati. Mama atakuambia lete mia na hamsini nikuongezee nyanya moja.

Basi liandikeni, hata kwenye gazeti lenu. Wakenya watabaki na pesa yao, sisi Watanzania tunaeleweka. Ila kwenye risiti na mkataba wa shamba iandikwe shilingi, kwa tarakimu na kwa maneno. Na anayeandika habari za 1904 hadi 1916 asiseme tu mtu "alilipwa hela tatu", maana msomaji wa leo hatajua kama ni sarafu tatu za shaba au ni fedha kiasi. Aandike ni hela ngapi kati ya mia za rupia.