Wasomaji Wanauliza: Sayansi za Dunia na Kisima Kilichoingia Chumvi

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea sayansi za dunia. Baba yake anasema hiyo ni jiografia iliyobadilishwa jina. Ni nini hasa? Pia, kisima chetu cha mita 9 kilikuwa na maji matamu, lakini tangu tufunge pampu ya umeme yameanza kuwa na chumvi. Fundi anataka akichimbe zaidi. Tumruhusu?
*Mama wa watoto wanne, Raskazone, Tanga*

JIBU: Msimruhusu, mama. Na kisima hichohicho kitatusaidia kumjibu baba.

Jiografia humtazama pia binadamu: makazi, kilimo, biashara. Sayansi za dunia hushughulika na dunia yenyewe, yaani miamba, maji, hewa na bahari, na jinsi vinavyoathiriana.

Anzeni na jiwe. Pondeni kipande cha jiwe la matumbawe, kidondosheeni siki: kitatoa povu, kwa sababu ni chokaa. Jiwe la milima ya Usambara, lililopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa kawaida halitoi. Huo ni mlango wa jiolojia, yaani elimu ya miamba, na jiokemia, yaani kemia ya dunia. Mvua hunyonya hewa ya ukaa angani na udongoni, ikawa asidi hafifu inayoila chokaa na kupanua nyufa zake. Ndivyo mapango ya Amboni yalivyochimbika. Nyufa hizohizo hupitisha maji upesi bila kuyachuja, kwa hiyo choo cha shimo kilicho karibu na kisima ni hatari kubwa kuliko chumvi.

Sasa chumvi. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake ndani ya mwamba. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka upande wa pili: pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 na kuyaweka hapo, chumvi chini ya kisima inaweza kupanda hadi mita 4. Kuchimba zaidi ni kuifuata kulekule iliko.

Pandisheni bomba la kuvutia liwe karibu na uso wa maji, tumieni pampu ndogo, vuteni dakika 15 kisha kisima kipumzike saa kadhaa, mjaze tangi kidogokidogo. Utamu haurudi ndani ya wiki moja. Lazima ungoje masika nzuri.

Kabla ya kulipia shimo jipya, mtaalamu wa jiofizikia apime. Hupitisha umeme ardhini kwa vyuma vilivyochomekwa. Penye maji ya chumvi umeme hupita kwa urahisi zaidi. Kibali ulizeni Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Kijana mwenyewe aanze kazi leo. Achukue kamba yenye uzito, aipake chaki sehemu ya chini, aitumbukize: chaki iliyolowa itaonyesha maji yalipo. Apime alfajiri kabla ya pampu, halafu baada ya dakika 15 za kuvuta. Arudie siku za bamvua na za maji mafu, maana hapo Tanga bahari ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na visima vya karibu huifuata kwa kuchelewa kidogo. Kuonja, alinganishe na kijiko cha chai cha chumvi kilichokorogwa katika lita 5 za maji ya mvua, takriban gramu 1 kwa lita. Maji ya bahari yana kama 35.

Kuhusu kazi, wanaosomea fani hizi huajiriwa migodini, kwenye visima, viwanda vya saruji, Mamlaka ya Hali ya Hewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha jiolojia. Fizikia, kemia na hisabati zitambeba zaidi ya kukariri ramani.